Maswali Kumi na Manane

Tulifika Tartu tumechelewa dakika ishirini.
Kosa langu: glavu moja ilipotea, kisha ya pili,
kisha nikasahau nilichokuwa nikitafuta
nikaanza kupanga upya vijiko.

Daktari Kuusik hakununa.
Uku alimpa penseli za rangi,
mimi akanipa fomu, maswali kumi na manane:
“Mjibie mwanao. Kamwe, mara chache, mara nyingi.”

Je, hupoteza vitu anavyovihitaji?
Mara nyingi. (Nikauona mwavuli wangu wa njano
ukienda Valga peke yake, kwa treni.)
Je, huanza kazi asiimalize?
Mara nyingi. (Sweta la mkono mmoja. Kifini. Ndoa.)
Je, huonekana hasikii anaposemeshwa?
Hapo kalamu ikagoma.

Darasa la tatu, Võru, Mwalimu Salme
anagonga dawati langu kwa rula:
“Helve! Umekwenda wapi tena?”
Nilikuwa nje, kwenye theluji,
nikihesabu chembe zinazopanda badala ya kushuka.
Nilikuwa nimefika thelathini na saba.
Akaandika kwenye ripoti: Ana akili, ila mvivu.
Baba akaisoma mezani, mara mbili, kwa sauti,
nami nikaiamini miaka thelathini na minne.

“Samahani,” nikamwambia daktari,
“nadhani nimemjaza mtu mwingine.”
Akaisoma. Akavuta droo, akatoa fomu nyingine.
“Hii andika jina lako.”

Sikulia pale. Nililia dukani, mbele ya maziwa,
kwa kuwa sikukumbuka kilichonileta.

Siku hizi kuna kidonge, kimoja, na chai ya asubuhi.
Si muujiza. Siku ya kwanza nilisikia friji ikinguruma:
friji tu,
si friji na saa na jirani na deni na wimbo wa juzi
vyote vikisukumana mlangoni.
Nikafungua barua ya benki.
Nikaisoma mpaka saini.
Lakini kidonge hakioshi vyombo,
na cha Uku kilimnyima njaa mchana, wakakipunguza.
Mlangoni tumeandika kwa chaki: buti, funguo, kofia.
Bado anakimbia ukumbini. Aendelee.

Nilimpigia baba simu. Kimya kirefu, kama laini imekatika.
Kisha: “Mimi nilibadili kazi kumi na nne.
Huyo daktari wako, anapokea wazee?”

Jana, akivua soksi, Uku akaniuliza:
“Mama, mimi nimevunjika wapi?”
Nikatafuta maneno ya daktari, nikayakosa.
“Hujavunjika. Kila kichwa kina bawabu,
huyu aingie, yule angoje.
Wa kwetu anasinzia. Tunamwamsha.”
Akafikiri, mguu mmoja bado na soksi.
“Anaitwa nani?”

Asubuhi nikakuta chini ya kofia, kwa chaki, herufi zimelala chali:
bawabu — jina??
Nikasimama pale kwa muda nisioujua,
halafu nikakimbilia jikoni kuzima jiko.
Kumbe nilikwisha kulizima.