Wiki Nane

Mara ya kwanza niliua mia mbili na kumi.
Zinia. Trei saba za mayai, udongo umechekechwa,
kila shimo mbegu moja, kavu, nyepesi
kama pumba iliyonasa kwenye ulimi.
Siku ya nne zikachungulia, shingo zimepinda,
bado zimevaa maganda kama kofia za kuazima,
nami Mshamu, mwana wa fundi viatu,
nikadhani nimekuwa mtu.

Nikazinywesha asubuhi. Nikazinywesha adhuhuri.
Usiku, kwa tochi ya simu, nikazinywesha tena,
maana joto la Tegeta halilali
na vumbi la saruji kutoka Wazo
lilikuwa limezipaka unga majanini.
Asubuhi ya tisa zimelala zote, upande mmoja,
shina limebanwa chini, jembamba kama uzi,
utadhani mtu amepita akizikaba mojamoja.

Bi Sikudhani hakufoka.
Aling'oa mmoja, akaunusa, akaniwekea kiganjani.
"Kinyausi," akasema. "Hupenda maji mengi
na hewa kidogo. Wewe umezipenda kwa ndoo."
Kisha akaenda kukoroga chai yake.

Tukaanza upya, mikono kabla ya maneno.
Mchanga mafungu mawili, fungu moja la samadi
iliyolala mwaka mzima ikasahau harufu yake,
pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi.
Birika zima la maji yanayotokota juu ya udongo,
gunia juu yake, upoe mpaka kesho.
Maji ya kisima hapana, yana chumvi,
hayo ni ya kuoshea miguu.
Chupa, kifuniko kimetobolewa kwa sindano ya moto:
mvua ndogo, asubuhi tu,
na udongo ukikung'ang'ania kidole, weka chupa chini.
Mche ushike jani. Usiushike shina.
Jani litaota jingine,
shina unalo moja.

Palipoota miwili akanipa mkasi wa kucha.
Nikasita.
"Mchelea mche," alisema, "ataulilia."
Nikakata, nikihesabu, mpaka nikaacha kuhesabu.
Mmoja niliuhamishia kwenye kopo la maziwa,
nikauficha nyuma ya pipa.
Hakuuliza.

Wiki ya sita tukaitoa chini ya chandarua,
saa moja juani, kesho saa mbili,
kama mgonjwa anayefundishwa kutembea kwenye korido.
Nilikuwa nimeiinamia nilipoona viatu.
Vijana wawili, vizibao vya njano, kopo la rangi.
Kibanda cha chipsi, X.
Nguzo ya fundi baiskeli, X.
Sisi hatuna ukuta. Walituzunguka,
wakashauriana kwa sauti ya chini,
wakaipaka X yetu kwenye pipa la maji.
Siku thelathini. Barabara inapanuliwa.
Mmoja akauliza bei ya zinia,
akasema atarudi.

Bi Sikudhani alingoja wavuke barabara.
"Shika huku."
Tukalizungusha pipa, X ikatazama mtaro,
nami nikakumbuka kopo langu, nimechelewa,
limekwisha kuonekana.
Mche ulikuwa umesimama. Udongo wake umelowa.
Wiki nzima sikuwa nimeumwagilia.
Tulitazamana kidogo, yeye akatazama pembeni.

Akaketi juu ya ndoo, akachana kipakiti kipya,
akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza kimya:
wiki nane mpaka ua la kwanza.
Siku hamsini na sita. Siku thelathini.
Hesabu hiyo hata mimi, niliyeishia la tano, naiweza.
Yeye alisomea ukarani.

Akamimina mbegu kiganjani, akazipuliza pumba,
akaninyooshea mkono.
"Kina cha nusu ukucha," akasema.
"Unapanda, huziki."