Wa Thelathini na Saba

Walitangaza kwa spika iliyofungwa nyuma ya boda boda:
Jumanne, saa nne, uwanjani kando ya ghala la tumbaku,
kila mtu aje na miguu yake.
Hakuna karatasi, hakuna sanduku, hakuna wino wa kidole.
Utasimama nyuma ya umtakaye,
na mgongo wako ndio utakaohesabiwa.

Arua ni jiji sasa, kibao kimeandikwa hivyo
pale lami inapokatika.
Lakini mwenyekiti wa mtaa bado tunamchagua
kama watoto wanaogawana timu za mpira,
na bomba letu tangu Pasaka linakohoa hewa tu.

Andama ana vyumba kumi na viwili vya kupangisha.
Namba tano ni changu: mimi, cherehani, Ezati,
na miezi miwili ambayo sijailipa.
Jumapili alimtuma kijana na katoni,
mche mmoja wa sabuni kwa kila mlango.
Nikapokea. Nani angekataa sabuni?
(Sabuni bila maji! Tulicheka mimi na Zamzamu wa namba sita,
tukiishika kama watu waliopewa ufunguo wa gari
wasilo nalo.)

Ayikoru hakutuma kitu.
Anauza mihogo mikavu sokoni, ana sauti ya kuudhi,
hukatiza watu maneno, hasalimii akiwa na haraka.
Ila ndiye aliyekwenda ofisi ya maji mara saba,
na mara ya saba akakaa kwenye ngazi
mpaka wakazima taa.

Basi, Jumanne.
Wagombea wawili juani, hatua ishirini kati yao,
kila mmoja akitazama mbele kana kwamba mwenzake ni nguzo.
Karani akapuliza filimbi.
Sijui kama umewahi kusikia uwanja mzima ukifikiri.
Kisha vumbi.
Wapangaji wenzangu wakaenda kwa Andama, macho kwenye viatu,
Zamzamu katikati yao, mtandio umempanda hadi puani.
Upepo ukavuka uwanja ukaniletea harufu:
mistari yote miwili ilinukia sabuni ile ile.

Nilibaki katikati na Ezati.
Hatua kumi huku, hatua kumi kule.
Nimewahi kutembea toka mpaka wa Kongo
na furushi la vitenge kichwani, usiku, mvua ikinyesha,
na njia ile haikuwa ndefu hivi.
Nilimwona Andama akiniona. Hakukunja uso,
alitikisa kichwa kidogo tu kuelekea nyuma yake,
kama mtu anayekuonyesha kiti.

Sikuwa shujaa. Niseme ukweli,
kwanza niliwaza kuugua ghafla.
Ndipo Ezati akauliza, kwa sauti ile ya watoto
isiyojua kunong'ona:
"Mama, wa maji ni yupi?"

Karani alipita akigusa mabega kwa kalamu.
Thelathini na tano, bibi mwenye mkongojo.
Thelathini na sita, mwashi nisiyemjua, simenti masikioni.
Thelathini na saba:
kalamu ikaniachia nukta ya bluu kwenye gauni.
Tulikuwa arobaini na wanne. Wale sitini na mmoja.
Wakashangilia. Nasi tukapiga makofi, kwa sababu ya kesho.
Ayikoru hakupiga. Alikuwa tayari anatafuta
gunia lake la mihogo.

Usiku Andama akaja na daftari la madeni.
Hakuketi.
"Nilikuona," akasema.
Taa ilikuwa inafifia, uzi umenipotea sindanoni.
"Miezi miwili, najua," nikamjibu.
"Na nukta hii haitoki, nimeisugua kwa sabuni yako.
Iandike basi hapo, kando ya jina langu:
thelathini na saba."