Dakika Mbili na Sekunde Sitini

Taa inawaka. Sahani inazunguka.
Maikrowevu inanguruma kama kawaida yake,
inalia mara tatu,
unafungua, unagusa wali:
baridi, kama chuma cha ngazi za ghorofa yetu
hapa Dundee, mwezi wa pili.

Makame amekula hivyo siku nne
na hakusema.

Yeye hurudi saa moja asubuhi kutoka kiwanda cha mikate.
Mimi saa kumi na mbili nimeshatoka
kwenda Broughty Ferry kuwaogesha wazee wa watu.
Katikati yetu kuna hilo sanduku jeupe:
naweka sahani, naifunika kwa sahani,
yeye anabonyeza.
Ndilo posta yetu.

Kitufe cha tatu kilikufa zamani.
Ukitaka dakika tatu, unabonyeza mbili, sita, sufuri.
Siwatu alimwambia mwalimu wake
kwamba baada ya mbili na hamsini na tisa
inakuja mbili na sitini,
tukaitwa shuleni.

Jumapili tulipiga hesabu nyuma ya bahasha ya bili ya gesi.
Mpya: pauni hamsini na tisa na peni zake tisini na tisa.
Fundi wa Perth Road: thelathini, kuitazama tu,
kuitazama tu!
Makame akasema, la kuvunda halina ubani.
Nikasema, usitupe mbachao kwa msala upitao.
Akasema, msala huu una dhamana ya miaka miwili.
Methali zikatoka sare
na chai ikapoa, na pa kuipashia hatuna.

Akaenda kuchukua bisibisi.
Nikaificha.

Jumamosi tukaibeba, yeye upande huu, mimi ule,
tukiteremka Hilltown kama wachukuzi wa jeneza dogo,
mpaka ukumbi wa kanisa ambako wastaafu
hutengeneza vitu vya watu kwa sadaka.
Bwana Geddes alifanya kazi kiwanda cha saa
hadi kilipofungwa.
Kiingereza chake nusu nakidaka, nusu kinaanguka,
lakini hili nililidaka lote:
msiifungue wenyewe.
Kuchomoa waya hakutoshi.
Ndani mna kitu kinachouweka umeme.
Mtu anaichomoa leo, anaisahau pembeni,
anarudi baadaye akidhani imepoa,
na bado inaweza kumuua.

Nilimtazama Makame.
Makame alitazama sakafu ya kanisa.

Tukaiacha pale, na kikaratasi: namba kumi na saba.

Juma lile nilibadilishana zamu na Oonagh.
Saa moja asubuhi nilikuwa jikoni,
wali unafuka kwenye sufuria, ukoko unanukia,
na mume wangu akaingia, akasimama mlangoni
kama mtu aliyekosea nyumba.
Sikujua kwamba unga humganda kwenye nyusi.
Miaka mitano, sikujua.
Aliniambia kuhusu mashine namba mbili inayotafuna mikate,
kuhusu Mpoland anayeimba saa tisa za usiku.
Nikamwambia kuhusu Bi Lorimer, miaka tisini na moja,
anayeniita kwa jina la dada yake, nami naitika.
Siwatu alitukuta tunacheka,
akauliza nani amekufa.
Hajui watu wazima huamka pamoja kwa sababu nyingine.

Alhamisi simu ikalia. Bwana Geddes.
Ni dayodi tu, alisema, kidude kama punje ya mchele.
Pauni nne. Na kile kitufe cha tatu
amekifufua pia, bure,
maana kilikuwa kinamkera.

Nikafunika simu kwa kiganja.
"Imepona," nikamwambia Makame. "Tukaichukue lini?
Jumamosi hii?"

Alikuwa anakwangua ukoko,
mdomo umejaa, hawezi kusema.
Akatikisa kichwa.
Akainua vidole viwili,
akafikiri,
akaongeza cha tatu.