Mstari wa 412

"Futa yote," alisema meneja, "andika upya,
wakata mkonge wasome mishahara kwenye simu."
Ofisini Ngamiani, Barabara ya Nane,
feni ikilalama juu yangu,
nikafungua programu ya mwaka themanini na tisa:
herufi kubwa tupu, kama mtu anayefoka.

Nilikuja na shoka.
Siku ya tatu nikakuta maneno ya Bi Mwantumu Shemhilu,
mstari wa 412:
SENTI IKIBAKI MPE MKATAJI. USIGUSE.

Nikagusa.
Hesabu za majaribio za Mei zikarudi,
matita yaleyale, mikono ileile,
na kila mtu kapunjika, kidogo tu,
bei ya kiberiti.

Nikaurudisha.
Kisha nikaurudisha wa 413, na jirani zake:
likizo, maziko, makato ya duka la Ngomeni,
kila mmoja na sababu yake isiyoandikwa popote.
Nje nikajenga ukurasa, vitufe vya buluu, neno la siri.
Ndani, Bi Mwantumu anaendelea kuhesabu.

Meneja akabonyeza, akacheka kwa furaha.
"Yote mapya?"
"Rangi," nikasema. "Rangi yote mpya."