Sahihi

Theluji imeegemea mlango wa ofisi.
Mimi, Dagny Tollefson, karani wa kaunti ya Tamarack,
nafungua boksi la nne.
Karatasi zanukia ghala la mbegu,
moja ina duara la kitako cha kikombe,
na zote zadai neno moja:
kabla maji ya mto Sorrel hayajauzwa kwa mgodi,
tuulizwe. Kwa kura.

Kanuni ziko ukutani, kando ya kalenda.
Jina liwe kama lilivyo daftarini.
Makazi: unapolala, si unapopokelea barua.
Tarehe, kwa mkono wako.
Na aliyezungusha karatasi awe ameona kwa macho yake,
kisha akaapa.

Orrin Bascombe.
Zamani herufi zake zilisimama kama nguzo za ua;
leo zimelala, nyasi zilizopitiwa na ng'ombe.
Nainua simu. "Kiharusi," asema, neno likichelewa.
"Lakini ni mimi."
Napiga tiki.

Wanandoa Ruzicka: kalamu moja, majina mawili,
hata mkia wa herufi ya mwisho ni uleule.
Miaka arobaini kitanda kimoja,
na bado sheria yataka kila mtu na mkono wake.
Namfuta mume. Samahani, Emil,
najua ulikuwa kwenye trekta.

Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, mstari wa tisa:
D. Tollefson.
Nakumbuka. Oktoba, nje ya duka la Pruitt,
glavu mkononi, upepo ukiivuta karatasi,
msichana mwenye ubao akirukaruka kwa baridi.
Kwenye makazi nimeandika
S.L.P. 41.

Sahihi yangu, na si sahihi.
Hakuna mtu ofisini. Saa ya ukutani, na mimi.
Mkuki kwa nguruwe…
Nachukua kalamu nyekundu,
nalikata jina langu kwa rula.

Sijui kama zitatosha. Nahesabu, naandika jumla,
makao makuu ya jimbo ndiyo yatakayosema.
Mgodi una mawakili; mto una maboksi sita.

Jioni nanunua kwa Pruitt tarakimu tatu za shaba.
Miaka kumi na tisa nyumba yangu haikuwa na namba.
Nagongomea 3, nagongomea 0.
Ya mwisho, 6, imepata msumari mmoja tu, kwa chini:
upepo waisukuma, yapinduka, yawa 9.
Narudi ndani, na theluji viatuni,
kutafuta msumari wa pili.