Dudumizi Kafia Mabela

Dudumizi kafa juzi, saa nne na nusu usiku,
sebuleni kwa Zayana, Mabela, nyuma ya kituo cha mafuta,
kati ya sahani ya halwa na chaja ya simu ya Harith.
Nje digrii thelathini na nane, na giza lishaingia.
Ndani kiyoyozi kinakohoa, nasi tunatetemeka,
kwa kuwa mji wa Zayana uko juu ya barafu.
"Fungeni makoti," katwambia,
na wallahi tulifunga vifungo visivyokuwepo.

Mwaka wa tatu huu, kila Alhamisi.
Mchana Zayana anapima maji ya bomba maabara;
usiku ana falaji inayopanda mlima,
iliyochimbwa na majini wenye madeni,
ana wafalme watatu na sauti moja ya kuwagawia,
na ramani kaichora nyuma ya kalenda ya benki:
ukiiweka penye taa
unaona tarehe za mishahara chini ya bahari.

Mamake aliposikia dadu, siku ya kwanza,
alisimama mlangoni, mkono kiunoni:
"Kamari, nyumbani mwangu?"
"Hakuna pesa, Mama."
"Basi mnashindania nini?"
Suleyum, asiyejua kunyamaza, akanyamaza.
Tangu hapo hutuletea kahawa,
ila lile dadu hulipitia mbali
kama apitaye mbwa aliyelala.

Mimi mfamasia. Nahesabu vidonge,
nawaomba samahani walionikanyaga.
Dudumizi hakuwahi kumwomba mtu samahani.
Mwizi wa funguo, mfupi, mdomo mchafu,
wepesi kumi na saba, hekima sita;
nimeifuta hekima hiyo mara nyingi
hata karatasi ikatoboka.
Alimuuzia mfalme taji lake mwenyewe
na chenji hakurudisha.

Juzi tukafika Lango la Chumvi.
Lango lina kinywa. Halikutaka upanga, lilitaka beti,
kwa vina na mizani, na lisidanganywe.
Harith, mzaliwa wa Ruwi,
Kiswahili chake cha jikoni kwa bibi,
huhesabu kwa Kiarabu, hutukana kwa Kiswahili,
akaomba dakika. Vidole vikaenda. Akasimama:

    Lango usinifungie, nimetoka mbali sana,
    Chumvi kidogo nitie, mchuzi wangu hauna,
    Bibi yangu nimwambie, lugha yake bado nina,
    Fungua, nihurumie, sina pengine pa kwenda.

Kiyoyozi tu.
Zayana kainama nyuma ya kadibodi anayofichia siri zake,
kajifuta jicho, kasingizia vumbi.
"Limefunguka," kasema. Hata dadu hakuomba.

Ingeishia hapo.
Lakini Dudumizi, hekima sita,
kaona meno ya lango ni dhahabu.
"Usithubutu," wakasema wote.
"Wiki tatu tuko hapa, we mwanamke!" Suleyum huyo.
Nikalishika dadu la kijani, la pande ishirini,
kona moja imelika, nikalitikisa sikioni.
Likapita halwa, likagonga birika,
likajifikiria.
Moja.

Lango likafumba kinywa.

Kutoka ukumbini: "Nani kafa?"
"Dudumizi, Mama."
"Yule wa taji?"
Tukatazamana. Miaka mitatu, kumbe.
Akaingia, akaanza "Inna...", akajizuia,
akanisogezea sahani ya halwa
kama asogezewavyo mfiwa.

Leo dukani bwana mmoja karuka foleni,
kaegemea kaunta yangu na funguo za gari.
"Rudi nyuma," nikasema,
kwa sauti fupi, chafu kidogo.
Karudi.
Nikatia mkono mfukoni mwa koti jeupe:
karatasi ipo, na tundu lake.

Zayana kaniandikia: Alhamisi anakuja nani?
Sijamjua bado.
Ila ana njaa, na anaogopa milango.