Rauha Anajibu Barua ya Saba

Bwana Rautavirta, jirani,
barua yako imefika, imekunjwa mara tatu
kama zile sita zilizoitangulia.
Nimeiweka kwenye kopo la maziwa ya ndama,
pamoja na dada zake.

Mama aliniita Rauha, akiomba amani;
jina ni dua, na dua nyingine huchelewa.

Ulinunua nyumba ya marehemu Veijo mwezi wa Februari.
Theluji ilikuwa imefika madirishani,
samadi imeganda, ng'ombe wamo ndani.
Ukamwambia wakala: hapa pametulia.
Pametulia, ndiyo. Hata mochwari pametulia.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, nilijisemea,
nikakuletea mkate wa shayiri na kipande cha jibini.
Ukashukuru. Ukauliza kama jogoo ana ratiba.

Basi ratiba hii hapa, nimeibandika uzioni.

Mei, samadi. Siku nne, upepo ukikubali.
Itanuka. Isiyonuka huuzwa mjini, kwenye mifuko,
na udongo wangu hajui kusoma mifuko.

Juni, nyasi. Jua huzama kwa kupepesa tu,
nasi hatupepesi. Mvua ikitabiriwa kesho,
trekta haiulizi saa.
Uliandika: saa sita na dakika kumi na nne usiku,
mwanga machoni.
Jirani, nusu ya mwanga ule ilikuwa mbingu yenyewe.

Agosti, mashine ya kukaushia shayiri,
usiku na mchana, kama mzee anayekoroma
na hakuna wa kumgeuza ubavu.

Afisa wa manispaa alikuja, kijana, viatu vyeupe.
Akasimama uani akanusa kushoto, akanusa kulia,
akaandika: harufu ya shamba.
Nikammiminia kahawa. Akanunua mayai.
Hiyo ilikuwa barua ya nne.

Ya tano, kuhusu nzi, sina la kusema.
Nzi hawana anwani.

Nami ningeweza kuandika.
Mashine yako ya kukata nyasi, ile inayojiendesha,
huzunguka bustani kutwa kama kondoo
asiyetoa sufu wala mbolea.
Siku moja niliikuta mtaroni, chali,
magurudumu yakipiga hewa.
Nikaigeuza, nikaielekeza kwako. Hukujua.

Barua sita nilizijibu nikiwa nimesimama.
Ya saba niliisoma nimekaa.

"Ng'ombe mmoja amelia usiku wa siku tatu mfululizo.
Naomba kujua anaumwa nini."

Haumwi. Anaitwa Omena.
Jumanne tulimtenganisha na ndama wake
kama tunavyowatenganisha wote,
ili maziwa yaende tenkini,
ili lori la alfajiri lisiondoke tupu,
ili benki isiandike, maana nayo huandika.
Miaka arobaini nimewasikia
mpaka sikio likaota sugu kama kiganja.
Mazoea yana tabu, husema watu,
wakidhani tabu ni kuyaacha.

Usiku ule, barua yako mkononi,
nilifungua dirisha.
Alikuwa ameegemea lango la chuma,
shingo imenyooshwa kuelekea banda la pili.
Alikuwa analia. Na mimi nilikuwa namsikia,
baridi ikiingia, soksi moja mguuni.

Sheria inaniruhusu. Nimeangalia.
Kifungu kipo, kina namba na muhuri.
Sikukinakili hapa.

Kisha akanyamaza.
Sijui kama alisahau au alichoka;
kwa ng'ombe, sijawahi kuona tofauti,
na kwa watu pia ni mara chache.

Najua uliliandika na hilo kwenye daftari lako.
Mkaguzi wa hesabu hastaafu macho.
Saa nane na nusu: kimya.

Mimi ninayo saa nane na dakika thelathini na tano.
Huenda saa yako iko nyuma kidogo.
Au aliita mara moja tena,
kwa sauti ndogo,
ambayo kwako haikufika.